Kuandika thamani ndogo ya gari hakuokoi hela

Wastaafu wengi Dodoma huambiwa: "Andika thamani ndogo, utalipia bima kidogo, ukigonga watatengeneza tu." Sivyo. Kwenye bima kubwa, ile inayolipia pia gari lako, fidia ya matengenezo hufuata uwiano wa thamani uliyoandika na thamani halisi.

Tuseme gari lako sokoni ni milioni 20, ukaandika milioni 10. Jioni, karibu na Chamwino, ng'ombe anakatiza barabara. Boneti, rejeta na taa moja vimekwisha. Fundi anataka milioni 4. Kampuni italipa nusu, yaani milioni 2, na hapo bado haijakata ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Kwa ada ya bima ya asilimia 3.5 ya thamani uliyoandika, ulichookoa mwanzoni ni shilingi 350,000 kabla ya kodi. Kwa anayeishi kwa pensheni, pengo hilo linauma sana.

Bima ndogo nayo hulipa hasara ya uliyemgonga, si gari lako.

Kabla ya kulipia, ulizia bei ya gari kama lako, la mwaka uleule, uandike hiyo. Kama kijana wako huliendesha, mtaje. Hakikisha leseni haijaisha muda, maana hilo hukwamisha madai. Stika ukishaipata, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa namba ya gari.