Sudo si Panadol: mnayodanganyana kuhusu kuweka VS Code kwenye Ubuntu

Jumamosi kaja kijana wa tano ndani ya mwezi huu. Laptopi kwapani, jasho la kupanda kutoka stendi ya Buzuruga bado linamtiririka, na maneno ni yale yale: "Fundi, VS Code inagoma kusevu. Nimeweka sudo, bado inagoma." Nikamwambia, mdogo wangu, hiyo sudo ndiyo iliyokuletea ugonjwa.

Basi leo naiandika, nikichoka kuisema nitawaelekeza hapa. Kwa mgeni: VS Code ni kihariri cha kuandikia msimbo, Ubuntu ni aina ya Linux, na sudo ni neno unalotanguliza kwenye amri ili ifanyike kwa mamlaka ya admini.

"Programu ikigoma, itangulizie sudo"

Nilifungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikaingia kwenye folda yake ya kazi, nikaandika `ls -l` ili nione mafaili na wamiliki wake. Mafaili kumi na mawili. Matatu ya zamani yana jina lake. Tisa yaliyobaki pembeni yameandikwa `root root`. Nikamuuliza huyu root ni nani kwenu. Akacheka, akasema si ndiye admini?

Ndiye. Sasa chukulia umepanga chumba Mabatini. Mwenye nyumba ana funguo za vyumba vyote. Siku moja unaazima funguo zake ili uingie chumbani kwako mwenyewe, na kila kiti unachonunua siku hiyo risiti unaiandikisha kwa jina lake. Kesho unarudi kama mpangaji, unataka kusogeza kiti, unaambiwa si chako. `sudo code`, yaani kuifungua VS Code kwa sudo, ukiilazimisha hufanya hivyo hivyo. Kila faili jipya linazaliwa mali ya root. Ukifungua kihariri kesho yake kwa njia ya kawaida, kulisoma utalisoma, kulibadilisha huwezi. Kama unatumia Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, folda yake ya `.git` nayo inachanganya wamiliki, na `git commit` inaanza kulalamikia ruhusa. Ekstensheni (viongezi vya kihariri) ulizoweka siku ile ya sudo hazionekani tena, kwa sababu zimelala nyumbani kwa root, ndani ya `/root/.vscode`, wakati kwako ni `/home`. Mtu akiona hivyo anasema "imejifuta", anarudi kwenye sudo, na mafaili tisa yanakuwa ishirini.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba programu yenyewe inamkataza. Andika `sudo code` uone: haifunguki. Inakujibu kwamba unajaribu kuifungua kama mtumiaji mkuu, jambo lisiloshauriwa, na kama kweli umekusudia basi ongeza `--no-sandbox` na `--user-data-dir`. Ujumbe ule uliwekwa ili usite. Vijana wanausoma kama maelekezo ya kupika pilau: wananakili yote mawili, wanabonyeza Enter. Hilo la kwanza linabomoa uzio unaozuia sehemu za programu zisivamie mfumo. Na ekstensheni yoyote uliyoiokota mtandaoni sasa inafanya kazi kwa mamlaka ya root. Ikiwa na nia mbaya, hakuna wa kuizuia.

Sudo ina mahali pake, napo ni wakati wa kusakinisha. Faili la `.deb`, ulilolichukua kwenye tovuti ya VS Code yenyewe na si kwingine, linaandika ndani ya `/usr`, na huko si kwako. Kwa hiyo:

`cd ~/Downloads`
`sudo apt install ./code_*.deb`

Ile nukta na slashi usiziruke. Ukiandika jina la faili tupu, apt, kisakinishi cha Ubuntu, inalitafuta kwenye ghala zake, inakujibu halipo, na wewe unanipigia simu. Ikikuuliza kuhusu kuongeza ghala la Microsoft, kubali, maana apdeti zitatoka huko kila ukifanya `sudo apt update` na `sudo apt upgrade`. Mwishoni huenda ukaona mstari unaomtaja `_apt` kwamba hakuweza kulifikia faili. Hiyo ni taarifa tu, programu imeshaingia. Kuanzia hapo sudo ipumzike: ingia kwenye folda yako, andika `code .`, piga kazi.

Wajanja huniuliza, je nikitaka kuhariri faili la mfumo, mfano `/etc/hosts`? Lifungue kawaida, badilisha, sevu. Itakataa, lakini hapo hapo itakupa kitufe cha kujaribu tena kwa sudo, utaweka paswedi, yataisha. Watengenezaji walishalifikiria hilo.

Kwa mliokwisha kuharibu, dawa ni `sudo chown -R $USER:$USER ~/kazi`, inayorudisha umiliki kwako, ambapo `kazi` ni folda yako. Folda *yako*, nimesema. Yuko mmoja aliyeshauriwa kwenye kundi la darasa lao aandike `sudo chmod -R 777 /`, amri inayompa kila mtu ruhusa zote. Ile slashi ya mwisho ni mfumo mzima. Alipofika kwangu hata sudo yenyewe ilikuwa imegoma, kwa kuwa chmod iliivua alama ya setuid, na bila alama hiyo sudo haina mamlaka yoyote. Tukawasha mashine kwa flashi, tukaokoa mafaili yake, tukapiga Ubuntu upya. Mchana mzima, na chai nilinunua mimi.

Mengine nayapitia haraka.

"Nimedaunlodi lakini haifunguki." Soma jina la faili. Likiishia na `.exe` ni la Windows. Ubuntu, Mint na Debian ni `.deb`; Fedora na ndugu zake ni `.rpm`.

"Kibodi imekufa, paswedi haiandikiki." Inaandikika. Kwenye Ubuntu nyingi terminali haikuonyeshi hata nyota moja. Andika, bonyeza Enter.

"Bila intaneti haiwezekani." Mteja wangu mmoja hushuka na meli ya Nansio akiwa na flashi tu. Faili la `.deb` ni kama MB 100, analibeba, na kwenye Ubuntu ya kawaida ya mezani vitu vingi ambavyo VS Code inavitegemea tayari vipo. Hata ekstensheni zinabebeka kama faili la `.vsix`, ukifika unaandika `code --install-extension` na jina la faili.

"Snap au deb, yote sawa." Snap ni njia nyingine ya kusakinisha programu kwenye Ubuntu. Kihariri ni kile kile, bando ndilo litakalokwambia tofauti. Snap kwa kawaida inakagua apdeti yenyewe mara nne kwa siku na kuzishusha bila kukuuliza. Kama umeunganisha hotspoti ya simu, bando la wiki linaweza kwenda ukiwa umetoka kununua dagaa. Ukiing'ang'ania snap, andika `sudo snap refresh --hold`, kisha siku ukipata Wi-Fi ya bure ufanye `sudo snap refresh` mwenyewe. Mimi natumia deb.

"Nimeweka VS Code, mbona C haikimbii?" Kwa sababu umenunua daftari ukidhani umemwajiri mwalimu. Kompaila, inayogeuza msimbo wa lugha ya C kuwa programu, inakuja na `sudo apt install build-essential`. Python ipo tayari kwenye Ubuntu, ila iite `python3`.

"Ni chanzo huria mwanzo mwisho." Msimbo ulifunguliwa mwaka 2015 chini ya leseni ya MIT, kweli. Kifurushi kinachotolewa na Microsoft kina leseni yao wenyewe na kinatuma takwimu za matumizi. Zizime kwenye mipangilio, au chukua VSCodium, iliyotengenezwa kwa msimbo ule ule bila takwimu hizo.

"Laptopi yoyote ya zamani ikiwekewa Linux inakubali." Hapa mnawaumiza wazazi wanaowanunulia mitumba. VS Code ya biti 32 kwa Linux iliachwa mwaka 2019. Na hata ya biti 64, ukibaki na Ubuntu 18.04 una glibc (maktaba ya msingi ya mfumo) 2.27, wakati tangu toleo la 1.86, mwanzoni mwa 2024, inataka 2.28. Kabla hujatoa hela, washa mashine ya muuzaji kwa flashi ya Linux, andika `lscpu`, tazama mstari wa juu kabisa na ule wa pili. Ukiona 64-bit imetajwa, ongea bei. Ukiona 32-bit peke yake na mashine umeshainunua, niletee tu: nitakuwekea Debian 12 ya biti 32 na Geany, kihariri chepesi, na C utajifunza.