Meno ya mbele ya chini na mfereji wa pili: dhana potofu na ukweli

Meno manne ya mbele ya chini ndiyo membamba kuliko yote kinywani. Jino la katikati lina upana wa kama milimita 5 kwenye taji, na shingoni, linapoingia kwenye ufizi, upana huo hushuka hadi milimita 3.5 hivi. Kwa sababu hiyo wengi hulichukulia kama jino la mazoezi: mzizi mmoja, kazi fupi, mgonjwa anaondoka mapema. Lakini ukilipima kutoka upande wa mdomo kwenda upande wa ulimi, shingo ileile ina zaidi ya milimita 5. Mzizi wake ni bapa, na matatizo mengi ya kutibu mzizi wa jino hili yanaanzia kwenye ubapa huo.

Dhana: Mzizi mmoja, mfereji mmoja.

Mzizi ni mmoja karibu kila mara, hilo ni kweli. Mifereji, yaani njia nyembamba ndani ya mzizi zinazobeba kiini cha jino, ni habari nyingine. Mtaalamu wa meno Frank Vertucci wa Marekani, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1984, aliingiza rangi kwenye meno 2,400 yaliyong'olewa na kuyafanya yapenyeze mwanga ili njia zote za ndani zionekane. Kati ya meno ya chini ya katikati, asilimia 70 yalikuwa na mfereji mmoja tangu juu hadi chini. Ya pembeni yake, asilimia 75. Yaliyobaki yaligawanyika mahali fulani. Miaka kumi kabla ya hapo, watafiti Benjamin na Dowson waliyapiga eksirei meno ya aina hii na kupata mifereji miwili katika asilimia 41.4, ingawa yenye matundu mawili tofauti kwenye ncha yalikuwa asilimia 1.3 tu.

Takwimu hutofautiana kwa sababu njia za uchunguzi na jamii zinazochunguzwa hazifanani. Kwa aliyeshika mashine inatosha kujua kwamba katika kila meno manne, moja huenda lina mfereji wa pili. Umbo linaloonekana zaidi kati ya yale yanayogawanyika ni hili: mfereji unaanza mmoja, unagawanyika katikati ya mzizi, kisha unaungana tena kabla ya kutoka.

Dhana: Kama inaungana, ukisafisha mmoja umesafisha yote.

Sehemu ya mfereji wa pili iliyo kati ya pale unapogawanyika na pale unapoungana hubaki na tishu iliyooza na bakteria. Kuziba vizuri mfereji wa mbele, yaani wa upande wa mdomo, hakufanyi uchafu huo utoweke. Mgonjwa hukaa miezi au hata miaka bila shida, halafu kipele chenye usaha hutokea kwenye ufizi wa jino ambalo kwenye picha linaonekana limezibwa vizuri kabisa. Jino la mbele la chini lililotibiwa likarudi na maambukizi, cha kwanza kushuku ni mfereji wa upande wa ulimi.

Dhana: Ungekuwepo, eksirei ingeuonyesha.

Picha ya kawaida hupigwa kutoka mbele, na mifereji hii miwili imepangana mmoja nyuma ya mwingine. Kivuli cha wa mbele kinaufunika wa nyuma. Piga picha ya pili ukiwa umesogeza kichwa cha mashine pembeni kwa nyuzi 20 hadi 30. Kinachoonekana kusogea kuelekea ulikosogezea mashine kiko upande wa ulimi. Kinachosogea kinyume kiko upande wa mdomo.

Hata picha moja huwa na dalili kwa anayeitazama polepole. Mstari mweusi wa mfereji ukiwa wazi juu kisha ukafifia ghafla katikati ya mzizi, hapo kwa kawaida mfereji umegawanyika. Faili (kichuma chembamba cha kusafishia mfereji) iliyo ndani ya mzizi ikiegemea upande mmoja kwenye picha ya pembeni, tafuta mwenzake upande wa pili. Eksirei ya pande tatu hujibu swali hili vizuri zaidi, ila si kila kliniki inayo, na wala si kila jino linaihitaji.

Dhana: Tundu dogo la kuingilia ndilo salama zaidi.

Hapa ndipo mfereji wa pili unapokoswa. Tundu la kufikia mfereji hutobolewa upande wa ulimi. Likiwa dogo na la mviringo, faili huingia kwa mshazari na kuangukia kwenye mfereji wa upande wa mdomo kila mara. Mfereji wa nyuma umefunikwa na ukingo wa dentini (sehemu ngumu ya ndani ya jino) ulio chini ya ule uvimbe wa jino karibu na ufizi, upande wa ulimi. Tundu lirefushwe kwenda juu, karibu na makali ya jino, na kwenda chini hadi ukingo huo uondoke. Usilipanue kwenda pembeni, maana huko ukuta wa jino ni mwembamba.

Kisha chukua faili namba 8 au 10, kunja milimita 1 hadi 2 za ncha yake, na uitembeze polepole ukikwaruza ukuta wa upande wa ulimi. Ikinasa, umeupata.

Kosa la kinyume nalo lipo. Biti (ncha ya mashine inayotoboa) ikielekezwa moja kwa moja mbele bila kufuata mlalo wa jino, hutokezea upande wa mdomo chini ya ufizi. Ikiwa umeshaingia milimita nyingi bila kukuta kiini, simama na upige picha.

Dhana: Faili kubwa husafisha zaidi.

Faili ni ya mviringo, mfereji ni kama utepe. Ukizidisha ukubwa, unakula kuta za pembeni ambazo tayari ni nyembamba hadi zinatoboka, huku kingo za utepe za mbele na nyuma hazijaguswa. Kazi ya kufika huko ni ya dawa ya kuoshea: sodiamu hipokloraiti, na mwishoni EDTA (dawa inayoyeyusha mabaki ya dentini) ya asilimia 17 kwa takriban dakika moja. Sindano iwe na tundu pembeni, isikwame mfereji, na isifike urefu wote wa kazi, yaani hadi mwisho wa mfereji. Hipokloraiti ikisukumwa nje ya ncha, mgonjwa hupata maumivu makali papo hapo, uvimbe na damu.

Kujua mifereji inaungana wapi, weka gutapacha (kijiti laini cha kuzibia mfereji) kwenye mfereji wa mbele hadi urefu kamili, halafu sukuma faili ndogo kwenye wa nyuma hadi ikwame. Toa gutapacha uitazame: penye alama ya kukwaruzwa ndipo inapokutana. Mfereji mmoja utazibwa hadi mwisho, mwingine hadi hapo tu. Ukilazimisha gutapacha mbili kufika mwisho, moja itaizuia nyingine.

Dhana: Giza kwenye ncha ya mzizi maana yake jino limekufa.

Hili lisomwe kwa makini na wanaotibu Waafrika. Kuna hali ambapo mfupa wa kawaida kwenye ncha za meno ya mbele ya chini hubadilika kuwa tishu ya nyuzi, kisha taratibu ukawa mgumu tena. Mwanzoni huonekana kwenye picha kama jipu. Huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika walio katika umri wa makamo, mara nyingi bila maumivu yoyote. Jaribu kila jino kwa baridi kabla ya kugusa mashine. Likisikia kama majirani zake, kiini ni kizima na halihitaji kutibiwa mzizi.

Dhana: Chonge haina mambo haya.

Chonge ya chini huwa na mfereji mmoja mara nyingi zaidi, asilimia 78 kwa hesabu za Vertucci, lakini asilimia 6 zilikuwa na mifereji miwili iliyotengana hadi mwisho. Mara chache mzizi wenyewe huwa miwili. Na kwa mgonjwa aliyeng'olewa utotoni "meno ya plastiki", yaani vichipukizi vya chonge za utotoni vinavyodhaniwa kuleta ugonjwa, usitegemee umbo la kitabuni: kifaa kilichochimba ufizi wa mtoto huenda kilijeruhi kichipukizi cha chonge ya kudumu, ikaota imepinda, ina kasoro, au isiote kabisa.