Mzazi asiye na kitu, wakili wa nini Mahakama ya Watoto?

Swali hili naulizwa hata na mawakili wenzangu. Shauri la ulinzi wa mtoto si jinai, wanasema, mzazi hafungwi, na kila aliyemo mle chumbani, kuanzia hakimu hadi afisa ustawi wa jamii, anamtakia mtoto mema. Wakili anakwenda kubishana na nani?

Someni kwanza kifungu cha 16 cha Sheria ya Mtoto ya 2009, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar wana yao, ya 2011). Kinaorodhesha watoto wanaohitaji matunzo na ulinzi. Yumo anayeteswa, yumo aliyetelekezwa, yumo ambaye mzazi wake ameshindwa kulea kwa ulevi au uhalifu. Lakini yumo pia mtoto fukara, mtoto asiye na makazi ya kudumu, mtoto anayeomba, hata yule anayefuatana tu na mtu mzima anayeomba. Kwa hiyo mama anayeshinda na mwanawe kwenye mataa ya Mwenge, Dar es Salaam, akiomba anaingia kwenye orodha ileile na baba anayemchoma mtoto kwa pasi. Kazi ya wakili wa mzazi ni kuwatenganisha hao wawili mbele ya hakimu. Mama hawezi kuifanya mwenyewe, maana anapanda kizimbani tayari ameshajihukumu.

Na kinachoombwa mahakamani dhidi ya mzazi si kidogo. Amri ya matunzo inamvua mzazi haki zake juu ya mtoto na kuzikabidhi kwa afisa ustawi, ambaye anaweza kumpeleka mtoto kwenye makao ya watoto, kwa mlezi wa kuaminika au kwa ndugu. Mimi nimewatetea watu wa jinai pia. Sijaona bado mteja aliyeogopa jela kuliko alivyoogopa hili.

Uzito wote wa shauri hukaa kwenye ripoti ya uchunguzi wa kijamii. Afisa ustawi ana kata kadhaa na hana usafiri. Anafika mara moja, saa nne asubuhi, mama yuko kwenye kibarua cha kufua. Jirani anasema, "Hawa watoto hushinda wenyewe." Maneno ni ya kweli kabisa, na yanaingia kwenye ripoti kama utelekezaji. Hakimu akimgeukia mama, "Una swali kwa shahidi?", mama anaanza kusimulia maisha yake yote tangu mume alipoondoka, au analia. Swali hakuuliza. Wakili angeuliza: Ulifika saa ngapi? Ulirudi tena jioni? Mwalimu wa darasa ulimwona? Kadi ya kliniki uliiomba? Ulijua kwamba bibi yao anakaa nyumba ya tatu kutoka hapo na ndiye anayewapa chakula cha mchana? Majibu ya maswali hayo yamewahi kugeuza mashauri ambayo kila mtu aliyahesabu yamekwisha.

Sisemi maafisa ustawi ni watu wabaya. Wengi wao ndio walionifundisha kazi hii. Na kuna mashauri ambayo mtoto lazima atoke nyumbani; hapo namwambia mteja wangu ukweli, kisha tunapigania mambo mengine: mtoto akae kwa shangazi badala ya makao, mama awe na siku za kumtembelea, na ijulikane wazi anatakiwa afanye nini ili amri iondolewe. Mara nyingi amri ya usimamizi inatosha. Mtoto anabaki kwao, afisa anafuatilia.

Hoja ninayoiona haitumiki vya kutosha ni ya kifungu cha 7. Hakuna anayeruhusiwa kumnyima mtoto haki ya kuishi na wazazi wake isipokuwa mahakama iamue kwamba kukaa nao kutamletea madhara makubwa au hakuna maslahi kwake. Kisha kuna kifungu cha 94, kinachoipa halmashauri wajibu wa kuwa na rejesta ya watoto walio katika mazingira hatarishi zaidi na kuwasaidia. Basi mimi huuliza tu: mtoto huyu yumo kwenye rejesta? Familia hii ilipewa msaada gani kabla ya kuletwa hapa? Ukimya unaofuata ni ushahidi pia.

Sasa, wakili atoke wapi? Kifungu cha 99 kinampa mtoto haki ya kuwa na wakili, na wakili huyo ni wa mtoto, si wa mzazi. Mtu mmoja hawezi kuwabeba wote wawili pale maslahi yanapopishana. Mzazi inabidi aende kwenye taasisi zilizosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Sheria hiyo iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wako hadi vijijini na hawatozi ada, ila hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili. Hata hivyo, wakiwahi wanaweza kulizuia shauri lisifike huko: kukutanisha ndugu, kumpata bibi, kuongea na afisa mapema.

New York wamelipima jambo hili. Utafiti uliochapishwa 2019 ulilinganisha wazazi waliotetewa na wakili mmoja mmoja na wale waliotetewa na ofisi zenye mawakili pamoja na wataalamu wa ustawi wa jamii. Watoto wa kundi la pili walikaa mbali na familia kwa siku 118 pungufu kwa wastani, ndani ya miaka minne, na usalama wao haukupungua. Wakili peke yake, kwa maoni yangu pia, ni nusu ya dawa.

Ukipata wito, usingoje tarehe ya shauri ndipo utafute msaada. Omba nakala ya maombi na ya ripoti. Beba kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, ripoti ya shule, na namba za ndugu walio tayari kumpokea mtoto. Uamuzi ukiwa dhidi yako, omba nakala yake siku hiyohiyo, kwa sababu rufaa huenda Mahakama Kuu na muda wake unahesabika.