Joho Lisilo na Mwili Ndani

Wanawake wengi katika picha za msanii Maïmouna Guerresi hawana kiwiliwili. Uso upo, pengine na viganja, lakini joho likifunguka mbele, ndani ni weusi mtupu. Wapo wanaosema papo hapo kwamba hapa dini imemfuta mwanamke. Mimi ni mpiga picha na nafundisha kazi hiyo, na naona kinyume kabisa.

Tuanze na weusi wenyewe. Kitambaa cheusi hakiidanganyi kamera: mwanga ukikigusa kidogo tu, mikunjo hujitokeza. Katika mfululizo wa The Giants, weusi ule hauna mkunjo wala mshono. Jicho linaingia na halipati pa kugota. Joho nalo limerefushwa mpaka mtu anakuwa kama jengo, na kichwani pana kofia ndefu iliyochongoka mithili ya mnara wa msikiti. Basi ule uwazi wa kifuani ni mlango. Msikitini napo tunaingia kwenye nafasi tupu, na hakuna anayesema msikiti umepungukiwa.

Guerresi alizaliwa Vicenza, Italia, mwaka 1951. Alikwishaonyesha kazi zake kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa, 1982 na 1986, kabla hajasilimu nchini Senegal mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaingia tarika ya Murid, njia ya Kisufi ya huko Senegal, na kuacha jina lake la awali, Patrizia.

Tarika hiyo ilianzishwa na Sheikh Amadou Bamba. Picha yake inayojulikana sana ni ya mwaka 1913, alipokuwa mjini Diourbel, Senegal, chini ya uangalizi wa Wafaransa waliokuwa wakiitawala nchi. Kanzu inang'aa juani, kitambaa cheupe kimeziba mdomo, macho yamezama kivulini, mguu mmoja kama haupo. Kiufundi, mwanafunzi wangu akiniletea picha ya namna hiyo namrudisha akapige upya. Lakini imechorwa kwenye kuta na magari kote Senegal, na wafuasi hawaoni sheikh aliyepunguzwa. Kile kivuli ndicho kinachowavuta. Sioni namna ya kuyasoma majoho ya Guerresi bila picha ile, ila sasa aliyevaa ni mwanamke, tena anakutazama.

Kazi zake za baadaye, zenye meza na rangi nyingi, naziona zimepangwa mno. Ila usiupite ule mstari mweupe anaouchora usoni, toka kipaji cha uso hadi kidevuni. Wanafunzi huwa naanza nao hapo, weusi baadaye.