Uchumi Hauanzii kwenye Fedha: Dhana Zinazowapoteza Wanafunzi Wapya

Mwanafunzi anayeanza somo la uchumi haingii darasani akiwa mtupu. Anakuja na majibu aliyoyasikia tangu utotoni, na hayo ndiyo humkwamisha kuliko hesabu au michoro. Nimechukua machache ninayoona yanafaa kung'olewa mapema.

Dhana: Uchumi ni elimu ya fedha.

Kiini cha somo ni uhaba. Matakwa ya watu hayaishi, ilhali muda, ardhi, nguvu kazi na mitambo vina kikomo, kwa hiyo lazima kuchagua. Chumba cha upasuaji ni kimoja, wagonjwa wa dharura ni wawili: daktari anayeamua nani atangulie anafanya uamuzi wa kiuchumi, ingawa hakuna noti iliyotajwa.

Dhana: Kitu cha bure hakina gharama.

Aliyepewa tiketi ya bure, akaacha kibarua cha siku hiyo ili aende uwanjani, ameilipia kwa ujira alioukosa. Hiyo ndiyo gharama ya fursa: thamani ya lile chaguo bora uliloliacha. Wengi hupoteza alama hapa kwa kujumlisha kila walichokiacha. Hayahesabiwi yote, kwani usingeweza kuyafanya yote kwa wakati mmoja. Linahesabiwa lile moja lililokuwa bora kuliko mengine.

Dhana: Chenye manufaa makubwa ndicho chenye bei kubwa.

Maji yanatuweka hai na almasi ni pambo, lakini almasi ndiyo ghali. Mwanauchumi Adam Smith alilitaja fumbo hili mwaka 1776, na jibu lililokubalika likaja karibu miaka 100 baadaye, kupitia wanauchumi William Stanley Jevons na Carl Menger (1871), kisha Léon Walras (1874). Walionyesha kwamba bei haifuati manufaa ya maji yote duniani, bali manufaa ya kipimo kimoja cha ziada. Palipo na maji tele, lita moja zaidi haina uzito mkubwa kwa mnunuzi.

Dhana: Bei ikipanda, mahitaji hupungua.

Kauli hii inasikika sawa, na ndiyo maana ni hatari. Kinachopungua ni kiasi kinachohitajiwa: tunasogea kwenye mstari uleule wa mahitaji, yaani mstari wa mchoro unaoonyesha watu wako tayari kununua kiasi gani kwa kila bei. Mahitaji yenyewe hubadilika pale mstari mzima unapohama, kwa mfano kipato cha watu kikiongezeka au ladha zao zikigeuka. Ukichanganya hayo mawili, utajikuta unasema bei ilipanda ikapunguza mahitaji, na mahitaji yaliyopungua yakaishusha bei, huku unazunguka palepale.

Dhana: Mfumuko wa bei ukishuka, bei zimeshuka.

Mfumuko ni kasi ya kupanda. Kitu cha 100 kikipanda kwa asilimia 10 kinakuwa 110; mwaka unaofuata mfumuko ukiwa asilimia 3, kinafika 113.3. Mfumuko umeshuka, bei imepanda. Mwananchi anayelalamika hajakosea, na takwimu nazo hazijadanganya.

Dhana: Katika biashara, faida ya mmoja ni hasara ya mwingine, na anayeweza kila kitu hahitaji kununua kwa wengine.

Hapa ndipo uchumi unaponivutia kuliko popote. Mwaka 1817 mwanauchumi David Ricardo alitoa mfano wa Uingereza na Ureno. Kwa kiasi fulani cha nguo, Uingereza ilihitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka, na kwa kiasi fulani cha mvinyo, watu 120. Ureno ilihitaji 90 kwa nguo na 80 kwa mvinyo. Ureno inashinda kote kuwili. Kwa nini basi inunue nguo za Uingereza?

Hesabu mwenyewe. Kila nchi ikijitengenezea vyote viwili, Uingereza inatumia watu 220 na Ureno 170. Sasa Uingereza itengeneze nguo tu, mara mbili: watu 200. Ureno itengeneze mvinyo tu, mara mbili: watu 160. Wabadilishane nusu kwa nusu. Kila mmoja ana nguo na mvinyo vilevile kama mwanzo, ila Uingereza imeokoa kazi ya watu 20 na Ureno ya watu 10. Hakuna aliyenyang'anywa. Siri iko kwenye gharama ya fursa: Ureno ikishona nguo, inaacha mvinyo ambao inautengeneza kwa wepesi zaidi.

Msomaji makini atauliza: na mfumaji wa Ureno aliyefunga kiwanda chake? Swali ni la haki. Hesabu ya Ricardo inaonyesha kwamba nchi kwa jumla imenufaika. Haisemi kwamba kila mtu ndani yake amenufaika, wala haimpi mfumaji yule shamba la mizabibu na ujuzi wa kulilima.