Dhana potofu kuhusu kushukuru kwa mambo ya kila siku

Dhana: Asiyeuona uzuri wa maisha yake hana shukrani.
Mara nyingi ameuzoea tu. Ukiingia chumba chenye maua unasikia harufu yake vizuri. Kitambo kidogo huisikii tena, na maua yapo palepale. Macho nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 1804 daktari wa Uswisi, Ignaz Troxler, alieleza kuwa ukikazia macho nukta moja bila kuyasogeza, vilivyo pembeni hufifia hadi kutoweka. Mwili hutafuta kilichobadilika na kukiacha kilichotulia. Ndiyo maana sauti ya mtu unayeishi naye miaka mingi hukupita kama upepo. Usijilaumu kwa hilo. Mazoea hayo huvunjwa na jambo dogo: fumba macho unapokunywa maji, uyafuate yanavyoteremka kooni.

Dhana: Kuwaza kwamba ungekosa ulicho nacho ni kujitafutia huzuni.
Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikuwa miongoni mwao. Mwaka 2008 Minkyung Koo na wenzake walichapisha utafiti ambamo waliwaomba watu walio na wapenzi waandike jinsi ambavyo huenda wasingekutana kamwe. Hao waliridhika na uhusiano wao kuliko walioandika jinsi walivyokutana.

Wasiwasi hutazama mbele, kwenye msiba ambao haujafika. Zoezi hili hutazama nyuma. Chukua rafiki mmoja. Siku mliyofahamiana, ungechelewa kidogo, au yeye angekaa kiti kingine, ingekuwaje? Ondoa kicheko chake maishani mwako, ondoa ushauri wake ule mmoja uliokusimamisha. Kisha rudi uliko, umpigie simu na umsikilize anavyovuta pumzi kabla ya kucheka. Ila aliyefiwa karibuni simshauri kufanya hivi. Pengo lake halihitaji kuwaziwa.

Dhana: Lazima uone picha kichwani.
Wapo wasioona picha yoyote wanapowaza. Mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo jina, afantasia. Mtu huyo anaweza kulifanya zoezi la hapo juu kwa maneno tu, kama walivyofanya walioandika.

Dhana: Milango ya fahamu ni mitano tu.
Unapopanda ngazi gizani, mguu hujua ulipo bila kutazamwa, na sikio la ndani hukushika usipepesuke. Hisia hizo pia ni za kuonja na kushukuriwa.

Dhana: Kadiri unavyoorodhesha baraka mara nyingi, ndivyo inavyosaidia zaidi.
Katika utafiti wa Sonja Lyubomirsky na wenzake uliochapishwa mwaka 2005, walioorodhesha mara moja kwa wiki, kwa wiki 6, furaha yao iliongezeka. Walioorodhesha mara 3 kwa wiki hawakupata ongezeko hilo. Hata shukrani huzoeleka kama ile harufu ya maua. Kwa maoni yangu, orodha huchosha upesi zaidi inapojaa maneno mapana. “Nashukuru kwa afya” haina ladha mdomoni. Andika badala yake kwamba leo umeshuka ngazi na goti halikuuma, mkono ukiwa juu ya mbao iliyopashwa joto na jua.