Baridi ya vuli Ulaya haitokani na dunia kulikimbia jua

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu mwaka baada ya mwaka: eti dunia inahama kutoka kilomita milioni 90 hadi milioni 152 mbali na jua, hivyo tujiandae kwa baridi kali na mafua. Ndugu zetu walioko Ulaya huupokea, kiangazi kikipoa na majani kuanza kupukutika, na wengi huuamini.

Hiyo 152 ni sahihi, ndiyo maana ujumbe unanukia sayansi. Ile 90 si kweli. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai. Tofauti ni asilimia 3 hivi. Na Julai ndipo watu wa Berlin wanapotokwa jasho!

Vuli hiyo (ya majani, si ya mvua zetu) huletwa na mhimili wa dunia, ulioinama nyuzi 23.5. Kuanzia Septemba 22 au 23, kaskazini hulipa jua mgongo: miale huja kwa mshazari, mchana hufupika. Wakati huohuo Australia wanaelekea kwenye joto, na umbali ni uleule.

Kuchanganyikiwa si ajabu. Ukisogea mbali na jiko unapoa kweli. Aliyeko huko asimike kijiti, apime kivuli kifupi kuliko vyote cha siku, Juni na tena Septemba. Kitakuwa kimerefuka. Ujumbe ukikufikia, usiusambaze. Mtumie aliyekuletea picha ya vivuli hivyo viwili.